Seremala Aliyepekuliwa Mara Mbili

Seremala alikuja kituoni kulalamika, na hakuna aliyekuwa na muda naye.

Ilikuwa siku ya pili ya kumtafuta mzee aliyepotea, na kituo kizima kilikuwa kiguu na njia. Simu zinalia, redio zinakoroma, askari wanapishana mlangoni bila hata kusalimiana. Seremala, mtu wa makamo mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alisimama kaunta akieleza kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba karakana yake imepekuliwa mara mbili. Jana mchana alikuja mtu, akaomba ruhusa, akachungulia chini ya vitanda ambavyo havijamalizika, akafungua makabati, akaenda zake. Jana hiyo hiyo jioni akaja mwingine, akafungua makabati yale yale, tena mbele ya wateja. Sasa mtaani watu wanamtazama kwa jicho la pembe. Wanadhani ndiye aliyemficha mzee wa watu.

Askari wa kaunta alimwambia avumilie, shughuli ni ya watu wengi na makosa madogo hayakosekani. Alikuwa ameshamgeukia mtu mwingine pale Inspekta, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai ambacho tangu asubuhi hajapata nafasi ya kukinywa, aliposimama.

"Mara mbili?" akauliza. "Una hakika?"

"Afande, makabati nimeyatengeneza mwenyewe. Nayajua yakifunguliwa."

Inspekta akakiweka kikombe kaunta, akamwambia seremala amfuate ofisini.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache mengi yalikuwa maswali. Wenzake walimtania kwamba hata ukimwamkia atakuuliza kwa nini. Kesi ya mzee ilikuwa mikononi mwake tangu jana asubuhi, pale binti wa mzee alipokuja mbio kutoka jikoni mwa hospitali anakopika, aproni bado kiunoni, kusema baba yake katoka nyumbani na hajulikani aliko. Mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kuna siku anamjua binti yake na kuna siku hamjui kabisa. Juu ya hilo alikuwa na kisukari, na daktari hakuficha kitu: bila dawa, bila maji, kwenye joto hili, usiku mmoja ataweza kuuvuka. Wa pili hakuwa na uhakika nao.

Usiku mmoja ulikuwa umeshapita.

Watafutaji walitoka idara ya maji. Hilo lilikuwa wazo la Inspekta mwenyewe, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa akijivunia. Polisi huingia nyumba ya mtu kukiwa na balaa, lakini msoma mita huingia kila mwezi. Anajua mbwa yupi anauma na geti lipi linakwama, na watu wamemzoea. Zaidi ya hayo, kila msoma mita alikuwa na simu ya kazi yenye ramani, na kwenye ramani kila jengo lina kitone chake chekundu. Ukilimaliza jengo unabonyeza kitone, sehemu ya chini ya kioo cha simu kinafunguka kisanduku cha maelezo, unabonyeza neno "tayari," na kitone kinageuka kijani. Siku za kawaida, kijani maana yake mita imesomwa. Kwa siku hizi mbili, kijani maana yake nimeingia, nimetazama kila chumba, mzee hayumo.

Asubuhi hiyo ramani nzima ilikuwa kijani. Ndiyo maana mkuu wa kituo alikuwa na haraka, na mkuu akiwa na haraka kituo kizima kinatoka jasho. Kama mzee hayumo kwenye jengo lolote, alisema, basi ametoka nje ya eneo. Tena kuna muuza magazeti aliyemwona mzee wa umri huo huo akipanda gari dogo jeupe la mizigo karibu na stendi. Watu wote wahamie stendi na barabara kuu. Inspekta alikubali shingo upande. Muuza magazeti alikuwa amemhoji yeye mwenyewe, na huyo mzee wa gari jeupe, kwa maelezo ya shahidi, alikaa mbele akimwelekeza dereva njia bila kusita. Mzee wao asingeweza kumwelekeza mtu chooni nyumbani kwake.

Sasa hapa kuna seremala. Inspekta alimkalisha kitini na kumuuliza mpekuzi wa kwanza alikuwaje. Seremala akasema alikuwa mtu mpole, mwenye kofia pana, anayetembea kama vile hadaiwi haraka na mtu. Aliomba radhi kabla ya kufungua kila kabati. Hata lile tupu aliliomba radhi. Na wa pili? Wa pili alikuwa mrefu, mwenye haraka, aliyeshangaa kuambiwa kwamba mwenzake keshapita, akasema kwake inaonyesha bado.

"Inaonyesha bado," Inspekta alirudia. "Alisema hivyo?"

"Alinionyesha na simu. Kitone chekundu juu ya paa langu."

Inspekta akaanza kulipanga jambo kichwani. Mtu hatumwi kwenye jengo la kijani. Kama yule mrefu alitumwa jioni, basi karakana ilikuwa bado nyekundu, ingawa mwenye kofia alishaingia mchana na kumaliza. Lakini mwenye kofia naye, kama alifanya kazi yake, alibonyeza "tayari." Kitu fulani kiligeuka kijani. Kama si karakana, ni mahali pengine, na mahali hapo hakuna mtu aliyeingia.

Alimshukuru seremala, akamwambia kwa dhati kwamba huenda amefanya jambo kubwa kuliko wote waliomo humo ndani, akachukua funguo za gari.

Kwenye ukumbi wa idara ya maji wasoma mita walikuwa wamejipanga ukutani wakisubiri usafiri wa kwenda stendi. Binti wa mzee alikuwa kwenye benchi, mfuko wa dawa za baba yake mapajani. Tangu jana hakuwa amelala, na alipomwona Inspekta alisimama bila kuuliza chochote, kwa sababu ameshachoka kuuliza. Inspekta alimshika bega akamwambia asiondoke. Halafu akaingia kwa msimamizi wa wasoma mita na kufunga mlango.

Msimamizi alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na majibu yaliyopigwa pasi. Maelezo ya mwenye kofia hayakumsumbua hata kidogo. Huyo ni Taratibu, alisema, jina la utani hilo, hana haja ya kueleza limetoka wapi. Akafungua kompyuta yake, inayoonyesha ramani ile ile pamoja na nani kabonyeza wapi na saa ngapi, kitu ambacho simu za wasoma mita hazionyeshi. Wao huona rangi tu. Karakana ya seremala ilibonyezwa jioni na yule mrefu, baada ya msimamizi kuona imebaki peke yake nyekundu katika mtaa mzima na kumtuma. Taratibu hakuwahi kuibonyeza. Mchana ule, saa ile seremala anayoisema, Taratibu alikibonyeza kiwanda cha uchapaji kilicho mbele kidogo, kwenye kona. Kiwanda hicho kilifungwa miaka mingi iliyopita.

Msimamizi aliegemea kiti, akahema. Kwake mambo yalikuwa wazi. Kuna ugonjwa wa wasoma mita, alisema, unaitwa kukadiria. Mtu anaogopa mbwa, au anaona jua kali, anakaa kivulini na kuandika namba anayoidhania. Kiwandani nyasi zinafika kiunoni. Taratibu kaliona geti, kaziona nyasi, kakadiria.

Inspekta alihisi hasira inampanda. Mzee yuko mahali anakauka, na mtu mzima kakaa kivulini anabonyeza simu. Akafungua mlango, akamwita Taratibu mbele ya wenzake wote kwa sauti ambayo hakuna aliyeshindwa kuielewa. Taratibu alivua kofia, akaingia.

"Kiwanda cha uchapaji," Inspekta alisema. "Ndani ulikuta nini?"

"Sikuingia kiwandani, afande."

Msimamizi alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda dau. Inspekta aliendelea bila kumtazama. "Umekiweka kijani."

"Mimi? Hapana. Nilipofika pale kwenye kona nilikikuta kimeshakuwa kijani. Nikajua mwenzangu kakimaliza, nikapita."

Inspekta akamwambia aeleze alichokiona karakanani. Taratibu alieleza bila papara: kitanda cha mtoto kisicho na miguu, mbao zimeegemezwa dirishani, na ndani ya kabati la mwisho paka na watoto wake juu ya gunia, ndipo akalifunga haraka asije akawatoa. Inspekta alimpigia seremala simu papo hapo. Seremala akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Paka kazaa juzi, alisema, na kabati lile halifunguliwi hata kwa wateja.

Basi Taratibu aliingia karakanani. Aliingia, alitazama, alibonyeza. Lakini kompyuta inasema alibonyeza kiwanda.

"Mashine haidanganyi, afande," msimamizi alisema.

"Naye hajadanganya," Inspekta alijibu. "Umemsikia kuhusu paka."

Taratibu hakuwa akiwasikiliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kofia ilikuwa ikizunguka mikononi mwake, na alipozungumza sauti ilitoka chini.

"Kwa hiyo pale kiwandani hajaingia mtu yeyote?"

Inspekta alijikuta anaona aibu kwa namna alivyomwita pale ukumbini, lakini aibu ingesubiri. Alimwambia atoe simu, aifungue ramani kwenye mtaa ule, na aibonyeze karakana kama alivyoibonyeza jana, bila kubadilisha kitu.

Taratibu akabonyeza. Tap-tap. Kisanduku kikafunguka chini ya kioo, na juu yake hakuna jina la jengo, ni namba ya mita tu. Inspekta akaisoma kwa sauti. Msimamizi akaitafuta kwenye kompyuta yake, akaitazama, akaitazama tena. Ilikuwa namba ya kiwanda cha uchapaji.

Wakarudia. Tap-tap. Kiwanda tena.

Inspekta akaichukua simu. Ilikuwa imevalishwa plastiki nene ya kuzuia maji na vumbi, iliyochakaa hadi ikawa na ukungu. Akabonyeza mara moja kwenye kitone cha karakana, kilichokuwa pembeni kabisa mwa kioo. Simu haikuhisi. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, mara moja tu, akaacha kidole pale pale. Kisanduku kilichofunguka kilikuwa cha karakana, sahihi kabisa. Ila ramani nayo iliteleza. Karakana ilitoka pembeni ikaenda katikati ya kioo, ikavuta mtaa mzima nyuma yake, na chini ya kidole cha Inspekta, pale ilipokuwa karakana sekunde iliyopita, sasa kilikaa kitone cha kiwanda. Kidole kile kikishuka mara ya pili, kinashukia kiwanda, na kitone kinachogeuka kijani ni cha kiwanda, mwenye simu akidhani ni cha karakana.

"Kwa nini unabonyeza mara mbili?" akauliza.

Taratibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nabonyeza mara mbili?"

Inspekta alifungua mlango. Aliwaambia wasoma mita wote watoe simu, wachague kitone chochote, wakifungue. Ukumbini vidole vyote viligonga mara mbili. Hakuna aliyejua kwamba anafanya hivyo. Yule mrefu ndiye aliyefikiri kidogo akasema labda ni hizi plastiki, ya kwanza mara nyingi haishiki, basi mkono umeshazoea kupiga mbili kabisa. Yeye jana alikuwa ameivuta karakana katikati ya kioo ili amwonyeshe seremala, ndiyo maana kwake ramani haikuwa na pa kuteleza.

Inspekta akampigia mtengenezaji wa programu ya ramani, mwanamke aliyekuwa ofisini kwake upande wa pili wa mji, na kumweleza walichokiona. Ikasikika sauti ya mtu anayevuta kiti karibu na meza. Hakuzunguka mbuyu. Toleo jipya lilitoka wiki hii hii, alisema. Watu walikuwa wakilalamika kwamba kisanduku kikifunguka kinakifunika kitone chenyewe, hivyo akaifanya ramani ikivute katikati kila kinapobonyezwa. Ramani ikiwa inateleza, mbonyezo wa pili unahesabiwa kuwa mpya, na unakwenda kwa chochote kilichopo chini ya kidole wakati huo. Ilitakiwa programu izibe masikio mpaka ramani itulie.

"Sikuifanya hivyo," alisema. "Mezani kwangu simu hazina plastiki, afande. Sijawahi kumwona mtu anabonyeza mara mbili. Hilo ni langu, si la huyo baba."

Simu ilikuwa na sauti ya juu, na Taratibu alisikia. Inspekta aliuliza swali lililomkera: kama toleo ni la wiki hii, inakuwaje wasoma mita hawakugundua kitu siku zote hizo? Safari hii aliyejibu ni msimamizi, na pasi yote ilikuwa imemtoka. Kwenye kazi ya kawaida, alisema, msoma mita anainama kwenye mita na kulinganisha namba iliyochongwa pale na namba ya kwenye kisanduku. Zikitofautiana anarudi, anabonyeza upya, hata hawazi. Jana hakuna aliyeinama kwenye mita. Walikuwa wakimtafuta mtu.

Msimamizi alimgeukia Taratibu akamwambia amemkosea. Taratibu akasema si kitu, lakini twendeni.

Kabla ya kutoka Inspekta alihakikisha jambo moja ukumbini. Nani mwingine aliambiwa na mwenye nyumba kwamba mwenzake keshapita? Mkono mmoja ukainuka, wa mama mmoja msoma mita. Wakaifuata nyumba ile kwenye ramani kwa kubonyeza mara mbili, na mbonyezo wa pili ukaangukia bomba la jumuiya, kituo cha maji kisicho na hata ukuta. Hapo hapafichi mtu. Kwingine vitone vilikuwa vimeachana sana, mbonyezo wa pili unaangukia patupu, kisanduku kinajifunga, mtu anabonyeza tena mpaka kinakubali. Kilibaki kiwanda peke yake.

Mkuu wa kituo, kwenye simu, hakutaka kusikia. Watu wake wameshafika stendi. Kiwanda kile anakijua, geti lina mnyororo mnene, na mzee wa umri ule hapandi ukuta. Kama Inspekta anataka kwenda kutalii kwenye nyasi, aende mwenyewe. Inspekta alimshukuru, akakata, akaomba hospitali ilete gari la wagonjwa kwenye kona ya kiwanda. Binti alishaingia kwenye gari la Inspekta kabla hajaambiwa.

Njiani binti alikuwa ameushikilia mfuko wa dawa kwa mikono yote miwili, na Taratibu, kiti cha nyuma, alitazama dirishani nyumba anazozijua moja moja. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi.

Mnyororo wa mkuu ulikuwepo kweli, ila ulikuwa chini kwenye nyasi, umekatwa. Inspekta aliuinua. Kazi ya wezi wa vyuma chakavu, alisema, na si ya leo wala jana, maana ulipokatwa pameshaota kutu. Kwa hiyo geti limekaa wazi siku nyingi. Akalisukuma. Halikwenda. Akasukuma kwa bega, likagoma. Akaweka jicho kwenye ufa kati ya mabati mawili, akaona komeo la ndani limesukumwa mpaka mwisho, na kutu yake imekwaruzwa, chuma kinang'aa.

"Limefungwa kwa ndani," alisema polepole. "Aliyelifunga bado yumo."

Binti alijishika mdomo. Halafu maneno yakamtoka kwa kasi. Baba alikuwa mlinzi. Ghala, benki, shule, maisha yake yote alikuwa mlinzi wa mageti. Kote alikowahi kulinda walishatafuta jana, sehemu za kwanza kabisa. Hapa hakuwahi kulinda hata siku moja, ndiyo maana binti hakupataja. Lakini baba yake, alisema, hawezi kulipita geti lililo wazi na kibanda kisicho na mtu. Hawezi tu.

Inspekta aligonga bati kwa kiganja.

Kutoka ndani ikaja sauti kavu iliyokuwa ikijivuta. "Hapa pamefungwa. Njooni kesho, na kibali."

Binti alikaa chini palepale kwenye nyasi na kulia. Alilia kwa furaha, bila kujificha, na Inspekta naye ilibidi ageukie ukuta kidogo. Kupitia kwenye ufa walimwona: kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kibanda cha mlinzi, mgongo wima, fimbo juu ya magoti, midomo imepasuka, macho yamezama. Kila alipopepesa alichukua muda mrefu kuyafumbua tena.

"Baba, ni mimi," binti alisema, mdomo kwenye ufa. "Binti yako."

"Binti yangu yuko shule," mzee alijibu. Hakuwa mkali. Alikuwa akimfahamisha tu. "Tangu jana watu wanapita hapa wanaita jina langu. Mlinzi hatoki getini kwa kuitwa jina. Hiyo ni mbinu ya wezi."

Inspekta alipitisha kitambulisho chake kwenye ufa, akasema yeye ni polisi. Mzee alisimama kuja kukitazama, akayumba, akajishika kwenye nguzo ya kibanda, na pale nje mioyo mitatu ikasimama pamoja naye. Alifika, akakisoma kitambulisho kwa karibu, akasema ni kizuri, hana wasiwasi nacho, ila bosi hajampa taarifa. Akarudi kwenye kiti. Hatua zile zilimchosha mpaka pumzi ikawa inasikika kwenye ufa.

Inspekta alipima geti kwa macho. Kulivunja angeweza. Lakini mzee yule angeinuka na fimbo yake kulitetea, na akianguka kwenye sakafu ile ya saruji, hakuna gari la wagonjwa litakalomsaidia. Akamuuliza binti kwa sauti ya chini: zamani, kazini, alikuwa anaondokaje?

"Haondoki," binti alisema. "Mama alikuwa anagombana naye kila siku. Kama mwenzake hajafika, haondoki. Anakaa mpaka apokelewe zamu."

Inspekta akageuka. Taratibu alishaelewa kabla yake. Alikuwa amevaa shati la bluu la idara ya maji, lenye nembo mfukoni, na alikuwa akilipangusa vumbi, akifunga kifungo cha juu, akiweka kofia yake sawasawa. Alikwenda getini kwa mwendo wake ule ule, akasimama mahali ambapo mzee angeweza kumwona kwenye ufa.

"Hodi, mzee. Nimekuja kukupokea zamu."

Mzee alilitazama shati. Aliitazama nembo, halafu kofia, halafu uso.

"Umechelewa," alisema.

Taratibu akasogea karibu zaidi na ufa.

"Nimechelewa, mzee wangu. Nilitakiwa nifike jana mchana. Nisamehe."

Kiti kilikwaruza saruji. Miguu ilijivuta, ikasimama, ikajivuta tena. Komeo likalia kwa muda mrefu, kidogo kidogo, kwa sababu mikono iliyokuwa ikilivuta haikuwa na nguvu, na hakuna aliyethubutu kusukuma kutoka nje. Geti likafunguka.

Mzee alimkabidhi Taratibu fimbo. Akamwonyesha dirisha la nyuma lililovunjika, alitazame zaidi. Akamwambia asilale, na wakimwita jina asiitike. Taratibu alisema ndiyo kwa kila agizo, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo magoti ya mzee yalipoishiwa nguvu, na binti yake alikuwa ameshafika kumdaka.

Gari la wagonjwa lilifika wakati binti akimpa maji kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone. Muuguzi alimpima sukari, akakunja uso, akasema hapa hakuna muda wa hadithi, lakini tumemwahi. Wakampakia, binti pembeni yake. Inspekta alimpigia mkuu, akamwambia kwa kifupi awaondoe watu stendi. Kisha akarudi getini kumchukua Taratibu.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, fimbo juu ya magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Twende, kaka," Inspekta alimwambia. "Imekwisha."

"Bado, afande." Alionyesha kwa kidevu. Kwenye kioo cha nyuma cha gari la wagonjwa mzee alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye machela na analitazama geti. "Anaangalia kama nipo."

Inspekta akasogea pembeni ili asimzibe. Taratibu hakutikisika kitini mpaka gari lilipopinda kona.